Wanapiga picha TV dukani kwangu, wananunua Instagram: nifunge duka?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina duka la elektroniki hapa Ngamiani, Tanga, huu ni mwaka wa 12. Nauza TV, sabufa, feni, friji ndogo, ving'amuzi, simu na vifaa vyake vidogo vidogo. Siku hizi mtu anaingia, anaomba nimuwashie TV, anapiga picha kile kibandiko cha nyuma chenye namba ya modeli, anaaga. Wiki inayofuata nasikia ameagiza kwa muuzaji wa Instagram aliyeko Kariakoo. TV ya inchi 43 naichukua jumla kwa 570,000 na kuiuza 620,000, wao wanaitangaza 560,000. Linaloniuma zaidi ni kwamba watu walewale wanarudi kwangu niwatafutie chaneli au niwaelekeze namna ya kuifunga ukutani, na sasa nimeanza kuwafukuza. Kijana wangu anasema tufunge fremu tuhamie mtandaoni. Benki nao wako tayari kunikopesha milioni 10 niongeze mzigo na kushusha bei. Nishike lipi? – Mama mwenye duka, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Duka kusimama miaka 12 si jambo dogo, na uchungu wa kuwasha TV kwa ajili ya mauzo ya mtu mwingine nauelewa. Maswali ya namna hii yananijia kutoka kila mji ambao basi la asubuhi linafika Kariakoo kabla ya jioni.

Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Usishushe bei. Usichukue mkopo huo sasa. Usifunge fremu. Na kuanzia kesho usimfukuze tena mtu aliyenunua TV Kariakoo akaja kwako kuomba msaada. Huyo ndiye mteja wako mpya, na kosa lililopo ni kwamba hujampangia bei.

Tujue kwanza unashindana na nani. Ushauri mwingi wa biashara unaozunguka umeandikwa Marekani na Uingereza, ambako adui wa duka dogo ni ghala la Amazon, kampuni inayouza kila kitu kupitia tovuti. Huko kweli maduka yameanguka, tena makubwa: Circuit City ilifunga maduka yake 2009, RadioShack ikaomba kufilisika 2015, Maplin ya Uingereza ikafuata 2018. Kwetu upepo umevuma vingine. Jumia, iliyokuja na mtindo huo wa tovuti, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Anayekunyang'anya wateja leo ni mtu mwenye simu, akaunti yenye wafuasi wengi, na ujuzi wa kujua nani Kariakoo ana mzigo gani. Wenyewe wanamwita winga.

Winga anatangaza kwanza, anapokea hela, ndipo anavuka barabara kwenda kuchukua boksi kwa mwenye mzigo. TV haijawahi kuwa yake hata saa moja. Hana mtaji uliolala, hana fremu ya kulipia, hana umeme wa kuwashia TV za maonyesho. Akipata 15,000 juu ya boksi moja ameridhika, kwa sababu kesho atauza mengine. Mwenye mzigo naye ameleta kontena zima, au ameungana na wenzake kujaza kontena kutoka Guangzhou, China, na kulipia kwa ujazo, kwa hiyo bei anayompa winga ni ya chini kuliko ile inayokufikia wewe baada ya kupita mikono miwili au mitatu. Ongeza na wale wasiotoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hapo ndipo 560,000 inapotokea.

Tena si kila 560,000 ni 560,000. Tangazo jingine ni chambo: ukipiga simu unaambiwa ile imeisha jana, ila ipo hii ya 610,000. Jingine ni la modeli nyingine kabisa. Jina la kampuni ni lilelile, inchi ni zilezile, lakini herufi za mwisho kwenye namba ya modeli zinatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayosema kama TV ni smati au ya kawaida, ina vioo viwili au kimoja, imetoka kiwandani mwaka huu au ilikaa ghalani. Mteja anayelinganisha picha mbili kwenye simu haoni hayo.

Kwa hiyo ukishuka hadi 565,000 utauza kwa hasara ya 5,000 kila boksi, na winga atashuka hadi 550,000 bila kuumia, kwa kuwa hasara haimhusu. Hii ni vita ambayo mwenye mtaji ndiye anayevuja damu. Ndiyo maana nakukataza.

Sasa chukua daftari. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye elektroniki inapotea haraka zaidi kwa sababu bei ya modeli inashuka huku boksi likiwa bado rafuni. TV yako ya 570,000 inakuachia 50,000, yaani haifiki asilimia 9. Tuseme inakaa miezi miwili kabla ya kuuzwa. Kwa mwaka mzima hiyo 570,000 itazunguka mara 6 na kukuletea 300,000, kabla hujatoa kodi ya fremu. Sasa tuseme hela hiyohiyo imelala kwenye rimoti, kebo za HDMI, TV guard za kukinga umeme unaoruka, breketi za ukutani, soketi za kuongezea, chaja na antena. Faida iwe robo tu ya mtaji, na mzigo uzunguke kila mwezi. Kila mwezi ni 142,500, kwa mwaka 1,710,000. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Lakini nina hakika ukizipanga kwa uaminifu utaona kwamba kilichokulisha miaka 12 ni ile rafu ya vitu vidogo, na zile TV za ukutani zilikuwa zinaita watu tu.

Na kuita watu ni kazi halali ya TV. Acha mbili, tatu ziwake siku nzima. Mauzo ya TV yenyewe yageuze yawe ya oda: mteja achague, aweke kianzio, wewe ulete. Maana hakuna sheria inayosema winga lazima awe Kariakoo. Tofauti yako na yeye ni kwamba wewe hutauza boksi, utauza TV inayowaka sebuleni kwa mtu. Bei yake iandike hivyo: imefikishwa, imefungwa ukutani kwa breketi, imewekewa guard, chaneli zimetafutwa, ikizingua ndani ya mwezi mmoja unakuja wewe kuichukua. Bei hiyo hailingani na tangazo lolote la Instagram, kwa sababu kinachouzwa si kitu kimoja.

Fikiria safari ya ile ya 560,000. Inatoka Kariakoo kwenye pikipiki, inaingia kwenye buti la basi, inasafiri kama kilomita 350. TV bapa inatakiwa isafiri imesimama. Kwenye buti inalazwa, na juu yake inakaa mizigo ya watu wengine. Inashushwa stendi ya Kange, inapanda bajaji. Kioo kikipata ufa hata wa urefu wa kidole, TV imekwisha, kwa sababu kioo ndicho sehemu ghali kuliko zote, na kukibadilisha kunakaribia bei ya TV mpya. Muuzaji atasema ilitoka nzima. Basi watasema hawakuambiwa kilichomo. Atakayebeba msiba ni mwalimu wa Pongwe aliyekusanya hela mwaka mzima. Hata kama imefika salama na ikaharibika baada ya wiki tatu, waranti inamtaka airudishe Dar es Salaam kwa gharama yake. Usiyaseme haya kwa kumtisha mtu. Yaseme kama sehemu ya bei yako, kwa sababu ndiyo kazi unayomfanyia.

Nije kwenye lile linalokuuma, wanaorudi kuomba msaada. Andika kibao, kikubwa, kikae mahali kinapoonekana mtu akiwa mlangoni: kufunga TV ukutani, bei hii, kuunganisha king'amuzi na kutafuta chaneli, bei hii, kuhamisha picha na namba kutoka simu ya zamani kwenda mpya, bei hii, kukagua kifaa ulichonunua mtandaoni, bei hii. Bei ikishaandikwa, aibu inaondoka pande zote mbili. Yeye haji tena kuomba hisani, na wewe huna tena sababu ya kununa.

Hiyo ya mwisho, ukaguzi, ndiyo ningeitilia mkazo kuliko zote, kwa sababu sioni duka linaloitoza na kila mtu anaihitaji. Mtu anayepokea mzigo kutoka mtandaoni ana siku chache za kulalamika, na hajui aangalie nini. Wewe unajua, au utajua ukishika haya.

Flash au memori kadi iliyoandikwa GB 128 inaweza kuwa na 8 ndani. Ukiichomeka, kompyuta inasoma 128, kwa sababu chipu yake imefundishwa kudanganya. Mteja anahamishia video za harusi, majina ya mafaili yanaonekana yote, na siku ya kuyafungua hayafunguki. Kwenye kompyuta yako weka programu ya bure iitwayo H2testw. Inaijaza kadi mpaka mwisho kisha inasoma kila ilichoandika. Inachukua muda, iache ifanye kazi huku unahudumia wengine.

Simu: bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na iliyoko kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 uone TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inaitambua kama simu gani. Watu wanakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima, kwa hiyo hili halihitaji maelezo marefu.

Sabufa: mbele imebandikwa wati maelfu. Geuza nyuma, soma kibandiko kidogo cha umeme inaoutumia. Ukikuta wati 60, basi sauti yake ya kudumu haiwezi kuzidi wati 60, stika ya mbele iseme isemavyo. Hili mwonyeshe mteja kwa kidole, asome mwenyewe. Baada ya hapo hatanunua sabufa tena bila kugeuza nyuma, na atawafundisha majirani zake waje kwako kugeuza.

Pawabenki ya mAh 10,000 halisi inabeba nishati ya wati-saa 37. Yenye ukubwa wa simu ikiandikwa mAh 50,000, hiyo ni hadithi. Betri ya sola ya aina ya risasi na asidi, volti 12 na Ah 100, huwa na uzito unaokaribia kilo 30. Weka mzani dukani. Na kwa pwani yetu, ambako mitumba ya elektroniki ni mingi, soma volti kabla ya kuchomeka chochote. Kilichotengenezwa kwa matumizi ya Japani kinataka 100, cha Marekani 120, sisi ukutani tuna 230. Kikiandikwa 100 hadi 240 chomeka kwa amani. Kikiandikwa 100 peke yake bila transfoma ya kupunguza, utakisikia kinapasuka.

Ukaguzi mmoja wa namna hii unachukua dakika chache na unaleta hela ambayo haikukugharimu mtaji hata shilingi. Lakini uzito wake mkubwa uko kwingine. Mtu aliyekaguliwa kadi yake akaambiwa ukweli, safari ya pili atauliza kwako kabla ya kununua.

Kisha fundi. Kama huna fundi ndani ya duka, hilo ndilo pengo la kwanza la kuziba, kabla ya mzigo wowote. Tafuta kijana aliyehitimu chuo cha ufundi cha VETA mwenye mkono mtulivu, mpe meza pembeni, mkubaliane mgawo kwa kila kazi, hela ipokelewe na duka na risiti itoke dukani. Acha nikupe mfano mmoja wa kazi inayopotea kila siku. TV inatoa sauti lakini kioo ni cheusi, na mwenyewe ameshaambiwa mtaani kwamba kioo kimekufa, anunue nyingine. Zima taa, mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona picha inatembea kwa mbali, hafifu kama kivuli, kioo ni kizima. Zilizokufa ni taa ndogo za LED zilizopangwa kwa mistari nyuma yake. Mistari hiyo inauzwa kwa modeli na kubadilishwa. Inataka uangalifu, maana kioo lazima kivuliwe, lakini bei yake ni sehemu ndogo tu ya TV mpya. Hakuna muuzaji wa Instagram anayeweza kuzima taa ya sebule ya mtu wa Makorora na kumulika kioo chake.

Tanga ina kazi nyingine ambayo Dodoma hawana: chumvi. Nyumba za Raskazone na Sahare, upepo wa bahari unaingia ndani ya friji, feni na redio, miguu ya vifaa kwenye bodi inaota ukijani, na kifaa kinaanza kuzima na kuwaka chenyewe. Usafishaji wa bodi kwa spiriti safi na brashi laini, uuze kama huduma ya kila mwaka. Na baada ya kila umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, meza ya fundi itajaa. Hakikisha TV guard na fridge guard hazijaisha rafuni siku hiyo.

Hata huko Marekani, lililoiokoa Best Buy, kampuni ya maduka ya elektroniki, linafanana na haya. Mwaka 2012 wengi waliitabiria kifo, watu wakiitumia kama sehemu ya kutazamia bidhaa za kununua Amazon, vilevile wanavyokutumia wewe. Hubert Joly aliyeingia kuiongoza mwaka huo alikubali kulinganisha bei na mtandao. Hilo usiige: yeye alikuwa na ukubwa wa kubanana na viwanda, na kampuni kama Samsung zilifungua sehemu zao ndani ya maduka yake. Lakini alikuwa pia na kikosi cha mafundi, Geek Squad, walioingia Best Buy tangu 2002, wanaokwenda majumbani kufunga na kurekebisha. Hilo unaweza kuliiga ukiwa na fundi mmoja na pikipiki.

Mtu akiingia na simu mkononi, usimuonee haya wala usimnunie. Mwambie, "Nionyeshe hilo tangazo, mwanangu, tulisome pamoja." Someni modeli mpaka herufi ya mwisho. Muulize: waranti ni ya nani? Risiti ya EFD ipo? Kioo kikifika na ufa nani analipa? Kisha mpe bei yako ya kufikisha na kuwasha, imeandikwa kwenye karatasi. Na pale ambapo tangazo ni zuri kweli, na lipo la namna hiyo, mwambie wazi anunue, kisha akuletee ukague. Naamini hili kwa moyo wote: duka dogo haliwezi kuishi kwa kumdanganya mtu ambaye ataswali naye Ijumaa au kukutana naye sokoni Mgandini. Ukisema vya mtandaoni vyote ni feki, siku jirani yake akipata kizima, umepoteza wote wawili.

Wapo pia wateja ambao Instagram haiwafai kabisa: wasio na 560,000 kwa mpigo. Bodaboda, mama lishe, mlinzi. Waruhusu wadundulize. Kila mmoja awe na kadi, kila anacholeta kiandikwe mbele yake na wote wawili mtie saini, akimaliza anachukua. Masharti yake mawili usiyavunje. Hela za kudunduliza zikae kwenye laini au akaunti ya peke yake, usizinunulie mzigo hata mara moja, hata Ramadhani ikikaribia na mzigo unakuita. Na kadi iseme wazi kwamba bei inaweza kubadilika na kwamba akighairi anarudishiwa chake. Mkopo wa bidhaa, yaani achukue kwanza alipe baadaye, usiuguse. Kampuni za simu za mkopo zina mfumo wa kufunga simu kwa mbali, wewe una miguu tu ya kufuatilia mlango kwa mlango.

Shule, zahanati na ofisi nitazigusa kwa ufupi. Wanahitaji risiti halali, na taasisi za serikali zinanunua kupitia mfumo wa NeST tangu 2023. Jisajili, ila malipo yao huchelewa. Wape mzigo ambao ukikaa bila kulipwa miezi mitatu duka halitikisiki. Wakikushauri uagize China mwenyewe, kumbuka mzigo wa meli unalaza hela yako mwezi na zaidi, na pawabenki zina vikwazo vya ndege kwa sababu ya betri zake. Afadhali muungane maduka mawili au matatu mnaoaminiana hapo Ngamiani mnunue kwa katoni badala ya kipande. Mkizidi hapo, mnaanza kugombana.

Kuhusu kijana wako. Hajakosea kuona kwamba wateja wako kwenye simu. Amekosea kudhani fremu ndiyo mzigo. Fremu, fundi na meza ya ukaguzi ndivyo vitu pekee ambavyo winga hana, na ukivifunga utakuwa winga wa mia moja na moja, bila wafuasi. Mpe yeye upande wa mtandao, tena aumiliki. Afungue WhatsApp Business, ni bure na ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei. Aliweke duka kwenye ramani ya Google lenye picha ya mlango, ili anayetafuta fundi TV Tanga alikute. Apige picha za mzigo wenu wenyewe, ukiwa umewashwa, juu ya kaunta yenu. Picha za kukopa kutoka kiwandani kila mtu anazo. Na bei aiandike. Hii tabia ya "njoo inbox" inawachosha watu, na anayetaja bei hadharani anaaminika mapema. Lipa namba iwe kwa jina la duka, si la mtu.

Halafu ageuze macho kwenye miji ya jirani. Sisi tunamtazama winga wa Kariakoo kama mtu wa mbali anayetuingilia, lakini kwa mtu wa Muheza, ambako ni chini ya kilomita 50, au wa Pangani, ninyi ndio muuzaji wa mtandaoni aliye karibu. TV inayotoka Ngamiani asubuhi inaweza kuwa imefungwa ukutani Muheza kabla ya adhuhuri, na fundi akarudi siku hiyohiyo. Hilo litangazeni kila siku.

Limebaki la benki. Milioni 10 ya kushusha bei ni hela ya kumlipa winga mshahara; itaisha na marejesho yatabaki. Fanya miezi sita kwanza kwa mpangilio huu, na daftari liwe na safu mbili, faida ya bidhaa na faida ya huduma. Ikifika mwezi ambao huduma na vitu vidogo peke yake vinalipa kodi ya fremu na fundi, hapo rudi benki, uombe kiasi kidogo, kwa kitu kinachoonekana: vifaa vya fundi, pikipiki ya kufikishia, au mistari ya taa za LED za modeli zinazoingia sana mezani.

Na mtaji wa kuanzia unao tayari. Hapa tu ndipo pa kushusha bei: TV zozote zilizokaa rafuni zaidi ya miezi mitatu, ziuze kuanzia wiki hii kwa bei ileile uliyonunulia, ya inchi 43 kwa 570,000, breketi kwa bei yake kamili, guard kwa bei yake kamili, na kufunga kwa bei ya kibao.